Walipelekwa Jua Linakozama: Dira ya Wakipsigis na Uhamisho wa 1934

Zaidi ya miaka tisini imepita tangu serikali ya kikoloni ya Kenya ipitishe, mwaka wa 1934, sheria iliyolenga ukoo mmoja tu. Ukoo huo ni Talai, uliotoa orkoiik, waaguzi na wabashiri ambao Waingereza waliwaita malaibon. Watu wapatao 700, wazee kwa watoto, waliondolewa katika nchi ya Wakipsigis wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay. Madai yao yamefika hadi mahakama ya Ulaya, na magazeti yameandika kwa wino mwingi kuhusu ardhi, majani chai na fidia. Kuna jambo moja ambalo kila mara hurukwa, nalo ni upande waliopelekwa.

Simama Chebunyo jioni, huko kusini-magharibi mwa Kaunti ya Bomet ambako mashamba ya chai yamekwisha na nchi inateremka kuelekea Trans Mara. Tazama jua linapotua. Gwassi iko huko huko, nyuma ya vilima vya Wagusii. Kwa Mkipsigis wa miaka ya 1930, huo haukuwa upande kama pande nyingine. Ulikuwa upande wa maiti.

Ili kulielewa hilo, inabidi turudi kwenye dira iliyokuwapo kabla ya dira ya chuma. Wakipsigis walimwabudu Asis, Mungu ambaye jua lilikuwa ishara yake, na ambaye pia waliomba kwake kwa jina la Cheptalel. Asubuhi mzee alitoka nje, akaligeukia jua linalochomoza, akatema mate ya baraka na kuomba: watoto wawe wazima, ng'ombe watoe maziwa, mabaya yapite mbali. Pande zote nyingine zilipata nafasi zao kutokana na kusimama huko. Mashariki ni mbele, kusini ni mkono wa kulia, kaskazini ni mkono wa kushoto, magharibi ni kisogoni. Waarabu na Waebrania wa kale walizipanga pande hivyo hivyo, ndiyo maana nchi ya Yemeni, iliyo kusini, imebeba jina la mkono wa kulia. Huko Chepalungu mashariki imeingia hata katika ramani ya uchaguzi: wadi ya Chebunyo iko katika eneobunge moja na wadi ya Kong'asis, na Kong'asis ndiyo mashariki yenyewe.

Mengi tunayoyajua kuhusu ibada hiyo tunayapata kwa watu wawili waliofika wakati bado inaendeshwa. Wa kwanza ni Ian Orchardson, Mwingereza aliyeishi Kericho tangu enzi za mwanzo za chai, akaoa mwanamke wa Kikipsigis na kukaa na wakwe zake hata Wazungu wenzake wakamtazama kwa jicho la pembeni. Maandishi yake kuhusu Wakipsigis hayakuchapishwa kuwa kitabu hadi 1961, baada ya kufupishwa na A. T. Matson. Wa pili ni J. G. Peristiany, mwanaanthropolojia aliyechapisha utafiti wake mwaka wa 1939. Kwa Wanandi, ndugu wa damu wa Wakipsigis, yuko A. C. Hollis na kitabu chake cha 1909. Kasoro yao ni moja: wote walikuwa wageni, na wote walivutiwa zaidi na sherehe kuliko na maisha ya kila siku. Hata hivyo, pasipo wao tungebaki na fununu.

Kila boma lililojiheshimu lilikuwa na mabwaita, madhabahu ya matawi ya miti maalumu yaliyochomekwa ardhini na kufungwa pamoja, upande wa mashariki wa nyumba. Hapo ndipo maharusi walipobarikiwa, hapo vijana waliotahiriwa walipopita, hapo pombe na maziwa vilipomwagwa. Katika kuyafunga matawi hayo ulitumika mmea utambaao uitwao sinendet. Msomaji asiyewahi kuona mabwaita bila shaka ameiona sinendet: ndiyo ile wanariadha wetu wanayovishwa shingoni wakirudi na medali, na ambayo siku hizi wanasiasa hujivisha bila kukimbia hata mita mia.

Ibada kubwa haikufanywa bomani. Watu walikusanyika kapkoros, mahali patakatifu palipotengwa kwa kawaida kilimani, wakiongozwa na wazee wa ibada. Wote, waume kwa wake, walielekea mashariki, na moshi wa sadaka ukapanda. Waombaji hawa ni tofauti na orkoiyot, yaani mmoja wa wale orkoiik. Mzee wa kapkoros aliomba kwa niaba ya jamii nzima. Orkoiyot alibashiri, aliwapa wapiganaji ruhusa ya kwenda vitani au kuwanyima, naye aliogopwa hata na waliomtegemea. Maofisa wa kikoloni waliwachanganya wote katika kapu moja la uchawi, na mchanganyo huo haujatutoka hadi leo.

Na magharibi? Hollis aliandika kwamba kwa Wanandi, mtu akifa, jamaa wa karibu aliuchukua mwili giza likiingia na kuupeleka umbali wa hatua mia kadhaa magharibi mwa nyumba, ukaachwa kwa fisi. Mwanamume alilazwa kwa ubavu wa kulia, mwanamke kwa ubavu wa kushoto. Mzee aliyekula chumvi nyingi alitendewa vingine: alizikwa katika samadi ya zizi la ng'ombe, na watu waliongea na kucheka, kwa kuwa alikuwa amefika alikokuwa akienda siku zote. Kwa Wakipsigis desturi ilikuwa hiyo hiyo kwa sehemu kubwa. Mtu aliishi akilitazama jua likichomoza, na alipokwisha alifuata njia ya jua.

Mpangilio huu si wa Wakalenjin, yaani Wakipsigis, Wanandi na jamaa zao, peke yao, na hapa ndipo ugomvi ulipozuka. Wamisri wa kale waliwazika wafalme wao ng'ambo ya magharibi ya Mto Nile; mungu wao Osiris alikuwa na cheo cha kuwa mkuu wa wale wa Magharibi, yaani wafu. Wakalenjin nao wana simulizi kwamba walitoka Misri, wakashuka kutoka kaskazini, kutoka nchi ya joto, wakapitia Mlima Elgon. Mwaka wa 2007 Kipkoeech araap Sambu alichapisha kitabu kilichouliza wazi kama Isis, mungu wa kike wa Misri, ndiye Asis wa Wakalenjin. Alikusanya maneno, majina na desturi, mielekeo ya ibada ikiwemo, akajenga hoja kwamba ufanano huo hauwezi kuwa wa bahati nasibu.

Kitabu hicho kiliwapa watu fahari. Kwa jamii iliyoambiwa shuleni kwamba babu zake walikuwa wachungaji wasio na dini, kuambiwa kwamba uliwahi kuketi karibu na piramidi ni jambo tamu. Baadhi ya wamisionari nao walikuwa wamepita njia inayofanana na hiyo: Burnette na Gerald Fish, waliokaa miongo mingi na Wakipsigis, waliandika kitabu juu ya urithi wa Wakalenjin katika miaka ya 1990, na walivutiwa na jinsi madhabahu na sadaka za Wakipsigis zinavyokaribiana na za Agano la Kale. Kila mgeni, na kila mwenyeji aliyesoma vitabu vya wageni, amependa kuitafutia kapkoros asili yake mahali pengine.

Mimi hoja ya Isis hainiingii. Isis hakuwa jua. Jua la Wamisri lilikuwa Ra. Wanaisimu huiweka lugha ya Kipsigis miongoni mwa lugha za Waniloti, ambazo asili yake hutafutwa mipakani mwa Sudan Kusini na Ethiopia, si kwenye delta ya Nile. Na zaidi ya hayo, mtu hahitaji kufundishwa na Mmisri kwamba jua huzaliwa upande mmoja na kufa upande wa pili. Wachina waliweka joka la kijani mashariki na simbamarara mweupe magharibi bila kumuuliza Farao. Katika karne ya nne, Wakristo wa Yerusalemu waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo walisimamishwa kwanza kuelekea magharibi, wakamkana Shetani mbele ya giza lake, ndipo wakageuzwa mashariki kulikiri jina la Kristo. Askofu Cyril wa Yerusalemu ameyaeleza hayo kinaganaga. Mzee wa Kikipsigis angeielewa ibada hiyo bila mkalimani.

Hapa ikweta, jambo hilo linaonekana kwa macho. Chebunyo iko chini ya digrii moja kusini mwa mstari. Mwezi Machi na Septemba jua huchomoza mashariki kabisa na adhuhuri linasimama utosini. Juni linahamia kaskazini kwa zaidi ya digrii 23, Desemba linahamia kusini kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo mashariki ya mabwaita haikuwa nukta moja ya dira. Ilikuwa upana mzima wa anga ambamo Asis alitembea kwa mwaka, na mzee aligeuka nalo. Mwislamu wa Bomet ana hesabu nyingine: Makka iko karibu kaskazini kabisa, imeegemea mashariki kidogo, nayo haihami kwa majira. Mkikuyu aliomba akiuelekea Mlima Kenya, popote alipokuwa, hivyo upande wake ulibadilika kadiri alivyohama. Dini zote hizi zinaishi leo ndani ya mwendo wa saa chache wa matatu, na kila moja ina mbele yake.

Turudi kwa Talai, maana habari yao ndiyo iliyozigeuza pande hizi kuwa siasa.

Ukoo huu una nasaba na malaibon wa Wamaasai, na uliota mizizi kwanza kwa Wanandi. Orkoiyot aliyevuma zaidi, Kimnyolei arap Turukat, anakumbukwa kwa utabiri ambao kila mtoto wa shule Bonde la Ufa anaujua: nyoka wa chuma atatoka kwenye ziwa la mashariki, akitema moto na moshi, na kiu yake itakatwa kwenye ziwa la magharibi. Zingatia mwelekeo. Nyoka anakuja kwa njia ile ile ya jua, kutoka uso wa Asis, na anakwenda kuishia upande wa wafu. Wanandi walimuua Kimnyolei mnamo 1890, baada ya uvamizi alioubariki kuishia kwa maafa. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, ikiwa imekata kaskazini mwa nchi ya Wakipsigis kupitia Londiani na Lumbwa, mahali paitwapo sasa Kipkelion.

Wana wa Kimnyolei walitawanyika. Koitalel arap Samoei alibaki na Wanandi, akaongoza vita dhidi ya reli hadi Richard Meinertzhagen alipompiga risasi tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa wa amani. Ndugu yake Kipchomber arap Koilegen alikuwa ameshakimbilia kwa Wakipsigis, wakampokea na kumfanya orkoiyot wao. Mwaka wa 1914 serikali ilimkamata pamoja na ndugu zake wakapelekwa uhamishoni katika nchi ya Wakikuyu. Kipchomber alifia huko Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, mwaka wa 1916.

Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza, na ilielekea mashariki. Haikuleta matokeo waliyoyataka maofisa. Talai waliobaki waliendelea kuheshimiwa, kuogopwa na kupewa ng'ombe. Ardhi nzuri ya Kericho ilikuwa ikipandwa chai kwa kasi, kampuni kubwa zikiwa zimeingia katika miaka ya 1920, na kila ng'ombe aliyeibwa, kila chuki ya Mzungu na kijana wa Kikipsigis, ilielekezwa kwa Talai. Ndipo ikaja sheria ya 1934. Haikumshtaki mtu yeyote kwa kosa lolote. Ilitosha kuzaliwa katika ukoo huo.

Gwassi ilichaguliwa kwa sababu za kiofisi. Ilikuwa mbali, ina ziwa mgongoni, haina watu wengi, na kutoroka ilikuwa vigumu. Mbung'o na mbu walikuwa wengi, na waliozoea baridi ya nyanda za juu waliugua wao na mifugo yao. Sidhani kwamba kuna afisa yeyote aliyeketi Kericho akamfikiria Asis alipoweka kidole kwenye ramani. Lakini ukiisoma hatua hiyo kutoka upande wa waliohamishwa, haihitaji ufafanuzi. Walichukuliwa katika nchi ambayo mabwaita zao zilikuwa zimesimama, wakapelekwa hai kule ambako mila ilipeleka mwili baada ya giza kuingia. Kwa jamii iliyohesabu baraka kwa mashariki, sioni namna ambayo jambo hilo halikuonekana. Wapo Wakipsigis waliopumua Talai walipoondoka, hilo lisifichwe. Orkoiyot alikuwa mzigo pia. Hofu hiyo ya wenyeji ndiyo iliyoipa serikali kisingizio, na ndiyo inayofanya hadi leo baadhi ya watu wasimame kimya Talai wanapodai haki yao.

Walianza kurudi karibu na uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mashamba yao yalikuwa na wenyewe, na wengi waliishia katika mtaa wa mabanda mjini Kericho unaoitwa kwa jina lao, Talai.

Wakati wote huo, kazi nyingine ilikuwa ikifanyika kimyakimya. Mmarekani Willis Hotchkiss alifungua misheni Lumbwa mwaka wa 1905. Misheni ya World Gospel ilianza kazi Tenwek katika miaka ya 1930, karibu na wakati wa sheria ya Talai. Hospitali yake leo inajulikana Afrika Mashariki nzima. Waumini walifundishwa kuacha mabwaita. Kulaza maiti porini kulikoma, kaburi likachukua nafasi yake. Biblia ilipofasiriwa kwa Kikalenjin, jina lililowekwa kwa Mungu lilikuwa Jehobah. Wakikuyu walimwingiza Ngai wao katika Biblia, Waswahili wakamwingiza Mungu. Asis aliachwa nje ya mlango. Uamuzi huo, naamini, ulifanya mengi kuliko bunduki yoyote. Mtu haombi tena akiligeukia jua ikiwa aliyeko huko hana jina kanisani.

Na kejeli ni kwamba kanisa lenyewe lina mashariki yake. Makanisa ya kale yalijengwa kwa kuifuata, na Wakristo wa Ulaya kwa karne nyingi walizikwa miguu ikiwa mashariki ili waamke wakimtazama Bwana anayekuja. Mmisionari aliyemkuta mzee wa Kikipsigis akiomba akilielekea jua alikuwa anaitazama desturi iliyowahi kuwa ya kwao. Hakuitambua, au hakutaka.

Mashaka juu ya ibada za namna hiyo yaliendelea hata baada ya uhuru, kwa sura nyingine. Mwaka wa 1994 Rais Moi, Mkalenjin na Mkristo wa Africa Inland Church, aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake ilitolewa mwaka wa 1999, na miongoni mwa walioguswa ni Wamasoni. Kwa Wamasoni pia mkuu wa nyumba huketi mashariki, kwa kuwa nuru hutoka huko. Watu waliokuwa wamekwisha kusahau kwamba babu zao walifanya hivyo hivyo mbele ya ng'ombe wao walisoma habari hiyo wakashtuka kana kwamba wamegundua uchawi mpya kutoka ng'ambo.

Leo, Kapkoros ni jina la kiwanda cha majani chai cha wakulima wadogo Bomet. Linaandikwa kwenye magunia, linasomwa kwenye mnada wa Mombasa, na mkulima anayepeleka kilo zake kituoni analitaja kila siku akiuliza bonasi. Nyumba sasa zinaelekea barabara. Sorovea anapokata shamba hufuata mpaka wa jirani, na kaburi hukaa pale penye nafasi. Serikali za kaunti zimejenga masoko, viwanja na malango makubwa. Kilima kilichowahi kuwa kapkoros hakijapata hata kibao, kwa kadiri nilivyoona, na walioomba huko wanapungua kila mwaka.

Kilichobaki hai ni madai. Tume ya Taifa ya Ardhi iliyakubali madai ya Wakipsigis na Talai mwaka wa 2019. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza mwaka wa 2021. Agosti 2022 kesi ikapelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles wa Tatu alipozuru Kenya mwishoni mwa 2023 alisema ukatili wa enzi za ukoloni hauna kisingizio, lakini hakuomba radhi rasmi. Alikaa Nairobi, kisha akaenda Mombasa. Kericho hakufika.